Fomu ya Maji, Ukurasa wa Tatu

Fomu inauliza: je, kuna athari kwa maji?
Pana kisanduku cha Ndiyo, kisanduku cha Hapana,
na mstari mmoja wa maelezo
mfupi kama mguu wa mbu.

Jurandir kashika ndoo, mimi nimeshika chupa.
Tulianzia tangi la Dona Zenaide,
juu ya paa, saruji imepasuka, maji ya wiki mbili.
Akatuuliza kutoka chini ya ngazi:
"Hao madume wenu wanauma?"
Hawauma, mama. Dume haumi.
Anaoa, anakufa, na wanawe
wanafia majini kabla ya kuota mbawa.
"Na mizoga yao nainywa mimi?"

Jurandir alicheka.
Mimi niliandika swali lake pembeni mwa karatasi.

Nimepima. Mabuu hamsini wakikaushwa
hawafiki uzito wa punje ya mchele.
Uchachu ni ule ule, hewa ya majini ile ile,
na vidagaa vya bwawani vinawala
bila kuuliza nasaba.

Ningetia alama kwenye Hapana nikaenda zangu kula,
lakini ilibaki chupa ya saba:
mtaro nyuma ya mabanda ya kuku ya Seu Anísio,
maji rangi ya chai iliyolala.
Mle, chini ya lenzi, mabuu wetu
wenye alama nyekundu inayong'aa
walikuwa hai.
Wanene. Wanajinyonganyonga.
Walipaswa kufa tangu Jumanne.

Maabara huwalisha dawa ili waishi;
huku nje, wakiikosa, wafe. Hesabu yote ni hiyo.
Na Seu Anísio huwapa kuku dawa hiyo hiyo,
gunia baada ya gunia,
na kuku hawatunzi siri: wanainya mtaroni.

Fomu inauliza mbu atayafanya nini maji.
Haina mahali pa kuuliza
maji yatamfanya nini mbu.

Mwaka juzi dengi ilimlaza mwanangu Iberê,
akawa analia mifupa, si kichwa, mifupa.
Sitaki kuwafukuza hawa madume.
Kusema uongo kwa ajili yao, pia sitaki.

"Weka alama moja, twende," anasema Jurandir, ana njaa.

Nageuza karatasi, naandika mgongoni mwake:
Chupa ya saba. Mabuu kumi na tisa. Hai.
Rudini na chupa zaidi.
Wapimeni na kuku.