Inchi Moja na Robo

Saa saba mchana duka la dawa hupumua.
Navuta kigoda mlangoni, nafungua daftari,
namimina maji katika kizibo cha dawa ya kikohozi.
Ndicho kisima changu, kinatosha brashi moja.

Sanduku lilikuja na rangi kumi na mbili.
Nyekundu iliisha kwanza. Mbale hula nyekundu:
kuta hadi magotini, soksi za watoto wa shule,
magurudumu ya boda, pindo la kila gauni.
Buluu nilidhani itadumu, kumbe kuna Wanale,
mlima usiokubali buluu moja siku mbili;
mvua ikinyesha huko juu, maporomoko yananing'inia
kama nyuzi zilizofumuka.

Kalamu hutangulia. Kalamu haina toba:
ukikosea dirisha, utaishi na dirisha hilo.
Nimechora kikaango cha Wamimbi, muuza roleksi,
mayai, kitunguu, kikombe cha plastiki, mkono
(mkono ulinishinda, nikauacha uwe moshi).
Nimechora jerikeni za manjano foleni bombani,
wenyewe wamekwenda zao,
zenyewe zimekaa kama wagonjwa wasio na namba.

Na jengo la ng'ambo nimelichora mara sita.
Nguzo nne. Mwaka 1938 kwenye paji la uso.
Ufa unaoshuka kutoka kwenye ile nane
hadi kwenye taa isiyo na balbu.
Paka wa fundi saa, juu ya mita ya umeme.
Sikuacha hata waya.

Jumatatu usiku manispaa wakaleta greda.
Kulipokucha, baraza lilikuwa jeupe
kama kinywa cha kibogoyo.

Alhamisi Nabifo akavuka barabara,
yule mshonaji wa barazani, tepu ingali shingoni.
"Sikuja kununua Panadoli," akasema.
"Nasikia una kitabu, na mtaa mzima umo.
Bwana wa manispaa anauliza: ulikuwa wapi, nani alikuona?
Nitafutie cherehani yangu."

Nikafunua ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wa sita.
Nguzo zipo. Mwaka upo. Ufa upo, paka yupo.
Kati ya nguzo ya pili na ya tatu
karatasi.

Ningemweleza ya ufundi:
kwamba sanduku langu halina nyeupe,
nyeupe ni pale brashi isipogusa,
palipopigwa na jua huachwa hivyo hivyo.
Ni kweli. Si kweli yote.
Turubai lake liliziba nguzo, likanikera,
nami mara sita nilimzunguka
kama maji yanavyozunguka jiwe.

Akatazama kwa kitambo, kama mtu anayekagua mshono.
Akavua tepu, akailaza juu ya ule weupe.
"Inchi moja na robo. Basi nafasi yangu ipo.
Muuza viatu, masikini, hata hiyo hukumwachia."
Akavuta kreti ya soda, akaketi.
"Haya, chora."

Nikachora, yeye akiamuru.
Cherehani inatazama kushoto, mbona unaigeuzia ukutani?
Mkasi unaning'inia, haulali.
Turubai lina kiraka, kiraka ni gunia la saruji.
Kigoda kina miguu mitatu, wa nne ni tofali.
Wateja wawili walifika, wakasimama,
wakaondoka na kikohozi chao.

Nilipofika usoni nikasita.
"Uso acha," akasema. "Uso hawakuniuliza.
Tofali ndilo uliweke vizuri."

Nyekundu sikuwa nayo.
Nikalowesha kidole kizibo­ni,
nikainama, nikachota vumbi kizingitini.