Vidole Vinne vya Akiba

Nyagawa, jirani yangu wa kibanda pale sokoni Igowole,
ananihesabia njaa kwa sauti.
"Fundi, koti ulilomshonea Yeremia Luvanda
kabla umeme haujafika
mpaka kesho liko mgongoni mwake.
Sasa wewe utakula nini?"
Mwenyewe anauza majaketi ya elfu sita sita,
mepesi kama maganda ya kitunguu,
yananing'inia yakiwaka rangi zote.
Jumamosi yanaondoka ishirini.
Jumamosi ya pili wanakuja wale wale,
hawarudishi, wananunua mengine.

Wateja wangu mimi huaga kama wasafiri.
Namshonea mtu mara moja,
kisha namwona kwa mbali tu,
kwenye chai, katikati ya ukungu,
tenga mgongoni,
matawi yanamkwaruza mapaja,
yanamkwaruza, yanachoka.

Kaki nzito. Bitana ya blanketi.
Uzi naupaka nta,
mshono naurudia mara mbili, kwapani mara tatu,
maana kwapani ndipo mtu huanza kuchanika
akilifuata jani la mbali.
Na chini, ndani ya pindo,
mahali asipolipia mtu,
naacha vidole vinne vya kitambaa.

Atukuzwe, anayejifunza kwangu tangu Machi,
aliniuliza, "Hiki kimelala bure?"
Nikamwambia, pima tena.
Sikuwa na jibu zuri siku ile.
Mvua ilikuwa inapiga bati, nikajifanya sisikii.

Yeremia akafariki, nasi tukamzika.

Jibu lilikuja mwezi wa saba,
mwezi ambao sakitu huunguza majani ya viazi
na mbwa wa soko hulala juu ya majivu.
Lilikuja limekunjwa kwenye mfuko wa sukari:
mama Luvanda na lile koti.
Nikashika chaki. Nilidhani atasema nipunguze.
"Lirefushe," alisema.
"Obadia amempita baba yake.
Jumatatu anaanza kuchuma."

Nikafumua.
Wembe ulitembea juu ya nyuzi zangu mwenyewe,
za mkono wa miaka kumi na tisa nyuma,
nyuzi zikagoma.
Nilisikia fahari, niseme kweli,
halafu nikajikata, nikatukana.
Pindo likashuka.
Nje, kaki ilishageuka rangi ya vumbi la barabara ya Mafinga.
Ndani, vidole vinne vilikuwa bado kijani,
kijani cha siku ileile
Yeremia aliposimama mbele yangu, mikono juu,
akicheka kwamba futi inamtekenya.

Pembeni kukadondoka majani makavu ya chai,
vumbi lake, kijiko kimoja hivi.
Mama Luvanda alilikusanya kwa kiganja.
Hakusema kitu.
Akalifunga kwenye ncha ya kanga,
pale wanapofunga hela.

Elfu mbili kwa kurefusha.
Ndiyo mauzo yangu yote ya siku ile.
Nyagawa aliuza manane, na haki yake kucheka.
Ila jioni alikuja na jaketi mkononi,
mshono umeachia hata kabla ya mnunuzi.
"Nishikie hapa tu, fundi."
Nikaligeuza ndani nje.
Mkasi wa huko lilikotoka
umeacha upana wa punje ya mchele.
Hakuna pa kushika.
Sindano nayo inahitaji ardhi.
Nilijaribu, kwa ujirani;
likachanika kando ya sindano,
taratibu, kama mtu anayeomba radhi.
Tulilitazama wote wawili. Akaondoka nalo.

Jumatatu, kabla jua halijatoboa,
Obadia alipita na wachumaji wenzake,
kijana mrefu, koti la vumbi,
na chini yake mstari wa kijani
kama majani yaliyoota usiku.

Atukuzwe alikuwa mezani anakata koti la mteja mpya.
Hakuniuliza.
Aliweka kiganja kwenye kitambaa, akapima,
akautazama mkono wake,
vidole vyake vyembamba,
akaongeza cha tano.