Farumi

Kisiwa kile kidogo mbele ya gati
hakikuumbwa pamoja na bahari.
Merikebu zilitoka hapa Porth Wenlas zimeshiba sleti,
zikaenda kuezeka Hamburg iliyoungua,
zikarudi tumbo tupu,
na tumbo tupu halisimami mbele ya wimbi.
Basi zikapakia farumi, mawe ya watu,
zikayamwaga pale, safari baada ya safari,
hata nyasi zikaota, shakwe wakataga.

Juu machimboni, Meurig, babu wa bibi yangu,
alipasua jiwe kwa patasi pana
kama mtu afunuaye kitabu kilicholowa:
taratibu, kwa sikio.
Kila kipimo kilikuwa na jina la mwanamke mwenye gari la farasi.
Malkia. Mke wa Lodi. Bibi Mdogo.
"Leo nimechonga Malkia mia tatu," alisema akikohoa,
"hata mmoja hakuniuliza hali."

Vumbi lenyewe halikuwa na jina.
Daktari wa kampuni alisema ni chai,
wanakunywa chai mno.

Kisha mgomo. Mwaka, na mwaka, na mwaka.
Madirishani wakabandika karatasi:
Humu hamna msaliti.
Ya nyumba namba saba iling'olewa usiku,
na Lowri mwenyewe, kwa ukucha,
maana kitinda mimba wake, Ifor,
alikuwa amerudi kazini asubuhi ile,
kola kaipandisha hadi masikioni.
Watoto wa dada yake hawakuwa wameonja siagi tangu Pasaka.
Sijui nimlaumu nani.
Mimi siagi nimekula leo.

Hakumaliza mwezi.
Kanisani aliketi, benchi zima likahama.
Akapanda merikebu ya Cádiz, shati moja, bila kuaga.

Merikebu ikarudi. Yeye, la.
Lowri akaazima mashua, akavuta makasia peke yake
mpaka kwenye mawe mapya, bado yana chumvi ya kwingine,
akachagua moja, jekundu, la ukubwa wa mkate,
akaliweka dirishani,
palepale gundi ilipoacha alama.
Hakueleza. Mtaa mzima ulipita ukilitazama,
na mjane wa Meurig, aliyekuwa hamsalimu,
siku moja alilifuta vumbi kwa aproni yake, akaenda zake.

Siku hizi treni ya sleti hupandisha watalii;
gatini wanauza aiskrimu.
Jiwe ni langu sasa.
Upepo wa magharibi ukianza
nalisukuma kwa mguu hadi mlangoni,
mlango unatulia.