Laini Isiyo Kwenye Ramani

Ilianza kwa ganzi, nyayoni,
kama nimevaa soksi nisizozinunua.
Kisha miguu ikaanza mgomo:
natoka Makole na spana begani,
nusu ya mwinuko wa Mlimwa magoti yanalegea.
Nikikaa robo saa juu ya mfuniko wa valvu
yanarudi kazini, wala hayaombi radhi.

"Disiki," walisema wa kwanza.
"Umri," walisema wa pili. Sijafika sitini.
Wa tatu akanidunga sindano ya kutoa uvimbe,
na alfajiri yake sikuweza kushuka kitandani,
hata mkojo ukaniambia: subiri.

Nyemo, mke wangu, hana maneno mengi.
Aliandika nyuma ya bili ya maji:
kabla ya sindano, hatua mia nne;
baada ya sindano, mlangoni.

Daktari Nyamizi aliisoma bili ile pande zote mbili.
Hakuuliza kinachouma.
Aliuliza, "Ukitembea? Ukikaa?"
Akanirudisha kwenye mashine inayogonga kama fundi wa mabati.

Kwenye picha, uti wangu umefura, umelowa,
na nyuma yake vidoti vyeusi
vinapindapinda, msafara wa sisimizi.
"Hiyo ni damu," akasema. "Inakimbia, picha haiiwahi."

Nilielewa kabla hajamaliza.
Miaka ishirini na sita nimetafuta maji yanayopotea mji huu.
Kuna mtu huchimba usiku, huunga bomba la presha
kwenye bomba la kutolea.
Maji hayajapungua. Yamejaa yasipotakiwa,
nyumba inakufa kiu na ukuta unatiririka.

Wakapitisha mrija kinenani,
kijiuzi kinachopanda kuulizia kila pingili.
Rangi ya moto kifuani. "Usipumue."
Kumi na moja, hakuna.
Kumi, hakuna.
Tisa, nane, nasikia viatu vya nesi tu.
Saba, kushoto, chumba kikanyamaza.

"Hiyo hapo."

Kitundu, kidogo kuliko punje ya uwele.
Nilitamani chaki, niweke alama.

"Nitapanda tena Mlimwa?"
Alikuwa bado anatazama kioo.
"Kwanza tufunge," akasema. "Mengine tutayaona."

Nikacheka, mgongo umekufa ganzi:
ndivyo nasi huwaambia wateja.