Mwanya wa Vidole Viwili

Kwetu Kizingitini kichwa cha changu kilikuwa fungu langu,
kwa kuwa mnofu ulikuwa na wenyewe.
Nilikipekua hadi nikafikia vijiwe viwili,
vyeupe, vyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga,
nikavitia ndani ya kiberiti kitupu, nikavitikisa sikioni.
Mama akasema: Kula, Somoe, acha kuchezea mifupa.
Si mifupa, Mama.
Nilichelewa miaka kumi na minane kukujibu.

Kijiwe kile ni cha sikio la samaki.
Ukikikata katikati, ukakisugua kwa msasa laini,
ukakiweka chini ya darubini, utaona pete ndani ya pete:
mwaka wa shibe mpana, mwaka wa dhiki mwembamba.
Samaki hawezi kudanganya umri wake.
Mimi nilipunguza wangu miaka miwili, kwenye fomu ya ufadhili.
Mungu anisamehe, na wafadhili pia.

Safari yangu ya kwanza katika meli ya utafiti
nahodha alituhesabu: mabwana kumi na mmoja, na mgeni.
Choo kimoja, kisicho na komeo.
Usiku tisa nilipima kamba wa Ungwana wenzangu wakikoroma,
na ripoti ilipotoka jina langu lilikuwa kwenye shukrani,
baada ya mpishi.

(Mpishi alikuwa mtu mwema. Sina ugomvi naye.)

Sasa mlango wangu una kibao: Mkurugenzi wa Utafiti.
Natia sahihi petroli, matairi, boya lililopotea,
barua ya kuomba, barua ya kushukuru, barua ya kukumbusha.
Kuna miezi mikono yangu hainuki samaki hata kidogo,
inanuka wino.

Mwaka ule tulipima changu elfu moja mia nne na sita.
Nikasimama mbele ya wavuvi wa kwetu
na grafu niliyoichora kwenye karatasi ya manila,
nikawaambia: wengi wana miaka mitatu, hawajataga hata mara moja.
Tunakula mbegu.
Bwanahamadi, mtoto wa ami yangu, akanyanyuka polepole.
"Daktari, wangu naye ana miaka mitatu.
Nimwambie asile mpaka lini?"
Hakucheka mtu.
Swali lake nililiandika pembezoni mwa daftari.
Mpaka leo halijapata jedwali la kukaa.

Kesho yake sikurudi kituoni.
Nilikwenda kwa Kale, fundi wa malema, kijana asiyependa maneno.
Weka mwanya hapa, ubavuni, wadogo wapate kutoka.
"Mpana kiasi gani?"
Milimita zake nilikuwa nazo kichwani, na nukta zake,
ila rula niliisahau. Nikanyoosha vidole viwili.
"Vyako au vyangu?"
Jopo zima lililonipa udaktari
halikuniuliza swali zuri kama lile.

Lema lenye mlango wa kutokea!
Walitucheka mpaka Faza.
Kale alisuka matatu. Mawili yakaibwa,
nikaona ni dalili njema.

Miaka sita baadaye, niko kwenye kikao cha bajeti, simu ikalia.
"Nina mmoja hapa. Njoo umpime kabla sijamuuza."
Niliacha bajeti mezani na miwani juu yake.
Sentimita hamsini na mbili, pua hadi uma wa mkia.
Nilipima mara tatu, mikono ikitetemeka kama ya mwanafunzi.
Mmoja si takwimu, nikamwambia Bwanahamadi.
"Mmoja ni chakula cha usiku," akasema,
akanikatia kichwa.

Sasa ni saa tano, kituo kimelala, jenereta imezimwa,
ninasoma kwa tochi ya simu.
Pete tisa.
Ya tatu ni nyembamba mno, nusura niiruke.
Nimeandika: sababu haijulikani.
Kesho, inshallah, nitakata kijiwe cha pili.