Bosi, Nikubebee?

Uyole, saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya Juni
inang'ata masikio. Nina gunia moja la viazi,
lumbesa, limeshonwa kwa katani hadi shingoni,
na nauli ya kukopa.
Kijana mwenye koti la mtumba ananijia:
Bosi, nikubebee?

Mimi, bosi.
Viatu vina tope la Isyesye,
kwenye pindo la khanga nimefunga elfu saba na mia tano.
Lakini ndivyo ilivyo, hapa kila asiyejulikana jina ni bosi.
Trafiki humwita dereva bosi kabla ya kumwomba leseni,
dereva naye hujibu bosi, kwa sauti ya chini,
na kati ya bosi na bosi kuna kitu kimekunjwa,
hakitajwi.
Anayekudai hukuita bosi siku aliyochoka kukuita ndugu.
Mume wangu, chakula kikichelewa:
Leo bosi kagoma?
Tumelitia hata kichwa na mkia, kibosile,
likaanza kutembea na kitambi.

Nilifundisha Kiingereza miaka ishirini na mitatu.
Siku moja Lugano, wa dawati la nyuma, akauliza:
Madamu, bosi limetoka wapi?
Kwa Waingereza, nikasema. Fungeni madaftari.
Nilimdanganya. Sikuwa najua.

Waingereza wenyewe waliazima.
Ni la Waholanzi. Lilipanda meli, likashuka Amerika,
ambako vibarua hawakutaka kumwita bwana
mtu anayewalipa ujira tu;
wakaliokota hili, jepesi, halina mjeledi.
(Shamba la pili walikuwapo wengine.
Wao hawakuulizwa wanapenda neno gani.)
Pacha wake alishukia Rasi, kusini kabisa,
na mjeledi akaupata hukohuko.

Huko ndiko babu yangu alikomkuta.

Ambakisye Mwaipasi, mtu wa Masoko, Rungwe.
Alikwenda Wenela mara mbili, kuchimba dhahabu ya watu.
Alirudi na blanketi, baiskeli isiyo na kengele,
kifua kinachopiga mluzi kama birika,
na neno moja, baas,
ambalo hakulitamka bila kuvua kofia,
hata siku ambazo hakuvaa kofia.
Tukisema basi, twende,
aligeuka upesi, kama ameitwa na mtu aliye nyuma yake.

Malafyale, alituambia, ukimkosea
unajua shangazi yake anakaa wapi,
unapeleka kuku, mnazungumza.
Baas hana shangazi.
Baas hana mama.
Kisha akaendelea kumenya ndizi.

Sikumwona akicheka hadi Hospitali ya Rufaa,
wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Muuguzi kijana, sindano mkononi,
akamgusa bega:
Bosi, geuka kidogo.

Babu alinyamaza. Nikadhani hakusikia.
Halafu kicheko kikamtoka, kikagombana na kikohozi,
wagonjwa wakainua vichwa.
Subilaga, umesikia?
Miaka yote ile chini ya ardhi,
kumbe cheo kilikuwa njiani, kinakuja kwa miguu!
Akageuka, akachomwa.
Alhamisi yake tukamzika.

Sasa kijana bado amesimama, anapuliza vidole.
Shilingi ngapi hadi kwenye fuso?
Elfu moja, bosi. Kwako mia nane.
Jina lako nani?
Ananitazama kama niliyemwomba kitambulisho.
Gwamaka, anasema, akitazama pembeni.

Anainama, gunia linampanda mgongoni,
kubwa kuliko yeye, kichwa hakionekani,
miguu tu, na sauti inayotoka chini ya viazi:
Pisha! Pisha! Bosi anapita!

Watu wakapisha.
Mama wa vitunguu akavuta ndoo yake,
mwenye toroli akasimama.
Nikafuata nyuma, mkoba kwapani,
nisijue wamempisha nani,
mimi, yeye,
au gunia.