Vigae vya São Bento

Kabla ya reli, hapa paliishi watawa.
Serikali iliandika: akifa wa mwisho, kiwanja ni chetu.
Wakubwa wakakaa Porto wakihesabu vikohozi vyake.
Naye akachelewa,
kama treni ya Jumapili.

Leo Deolinda anapanda ngazi na ndoo yake.
Vigae elfu ishirini, buluu juu ya weupe:
farasi wa mfalme anamwosha kwato,
bibi harusi anamfuta masizi kwenye shela,
vita vizima anavipangusa kabla ya chai.
"Watu wa kituoni hawa," asema, "na hawajasafiri hata siku moja."

Chini, wageni. Shingo zimepinda, midomo wazi,
mabegi yao yanasaga sakafu.
Gari la Braga linaondoka nusu tupu.

Usiku, taa zikibaki mbili,
hunuka nta iliyozimwa sasa hivi.
Deolinda hamwambii mtu.
Huvuta kiti kimoja, akakisogeza ukutani,
maana aliyengojewa afe
naye ana haki ya kungoja.
Kisha hukimbilia basi, mikono bado inanuka siki.